Mistari Miwili Juu ya Broussard

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, Machi 19, mkono wa kushoto wa Orrin Haugstad ulipimwa ukaonekana una urefu wa inchi thelathini na mbili na robo tatu. Tepu ilianzia kwenye mfupa wa bega ikaishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Aliyeishika ni Verlin Dombrosky, skauti, yaani msaka vipaji, wa Wahunzi wa Youngstown, timu ya futiboli ya Kimarekani, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. Alipima mara mbili, kwa sababu mkono hupimwa mara mbili. Mara ya pili haikuongeza kitu.

Nyuma yake, katika ukumbi wa mazoezi wa chuo kidogo cha Walutheri kaskazini mwa Minnesota, maskauti tisa wa timu nyingine waliandika namba hiyo. Kisha saba kati yao wakafunga madaftari.

Ligi nzima iliamini kwamba mchezaji anayemkinga mrushaji wa mpira upande wa kushoto, ule ambao mrushaji hauoni, lazima awe na mikono ya inchi thelathini na tatu au zaidi. Verlin aliwahi kutumia kipupwe kizima kuuliza imani hiyo ilitoka wapi. Alipata majibu manne tofauti, yote kutoka kwa watu waliosikia kwa watu wengine. Na sasa watu wazima waliosafiri maili mia tisa na kulala hoteli yenye harufu ya klorini walikuwa wanarudi uwanja wa ndege kwa sababu ya robo inchi, yaani unene wa penseli. Hawakusubiri hata kumwona kijana akisogeza miguu.

"Mama yake angemvuta kidogo alipokuwa mchanga," alisema Lyle Pettibone, skauti mkuu wa Wachimbaji wa Scranton, akivaa koti.

"Wewe walikuvuta ulimi, na angalia umekufikisha wapi."

"Umenifikisha kiti cha mbele kwenye ndege, babu. Kaa hapa na mtoto wako wa mikono ya sungura."

Verlin alikaa. Haugstad alivaa fulana yake, akaja kusimama mbele yake. Alikuwa na pauni mia tatu na kumi na uso wa mtu aliyezoea kusubiri zamu.

"Mfupi, eh?"

"Mfupi."

"Kuna cha kufanya?"

"Hakuna. Nenda kwenye mstari, nionyeshe miguu."

Alionyesha. Verlin alikuwa ameshaitazama kwenye video, mara mia nne na kumi na mbili, ndani ya misimu miwili: kila mara timu ya chuo iliporusha mpira na Haugstad akaulinda upande wa kushoto. Alikuwa amepitwa mara sita. Kijana huyu alipigana mieleka tangu shule ya msingi, na mikono mifupi ilimfundisha kufika mapema. Mtu wa mbele yake alipojaribu kwenda nje, alimkuta yuko nje. Alipogeuka kwenda ndani, alimkuta ndani. Haikuwa na uzuri wowote, na ndiyo maana wale saba hawakuiona.

*

Aprili 7, huko Youngstown, meneja mkuu wa Wahunzi aliwaita watu wawili ofisini kwake. Jina lake ni Whit Hathorne. Alikuwa na miaka thelathini na minane na sifa mbili za kazi: shahada ya biashara, na mke ambaye ni binti ya mmiliki wa timu. Walioitwa ni Verlin na Marcellus Tolliver, kocha wa wakingaji, mtu mnene, mpole, aliyekwisha kufukuzwa na timu tano na ambaye alikuwa na mabinti watatu chuoni.

Ukutani ulikuwepo ubao wenye kadi za sumaku, kila kadi na jina la kijana mmoja anayemaliza chuo. Uteuzi ulikuwa umebakiza siku kumi na saba. Timu huchagua kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia, na Wahunzi walikuwa wa kumi na moja.

"Nimeshawishika," alisema Hathorne. "Nambari kumi na moja ni Haugstad."

Tolliver aligonga meza kwa furaha. Verlin alisubiri, kwa sababu Hathorne hakuwahi kusema jambo la maana bila kulifuatisha na jingine la kuliharibu.

"Lakini Scranton wako wa kumi na mbili," Hathorne aliendelea. "Na wao wanatafuta mkingaji wa kushoto. Wakinusa kwamba tunamtaka, watabadilishana zamu na mwenye nambari kumi, watuibie."

"Pettibone alifunga daftari saa mbili na robo," alisema Verlin. "Hamtaki."

"Ndivyo alivyokuonyesha, mzee wangu. Huu ni mchezo wa akili." Hathorne aligusa kichwa chake, kana kwamba wenzake hawangejua akili hukaa wapi. "Tunawapa chambo. Tunaandika ripoti kwamba tunamfia Broussard. Tunaivujisha kwa yule mwandishi, Pomeranz. Scranton wanaamini Broussard ndiye lulu, macho yao yote kwake. Sisi tunapita pembeni na Haugstad wetu."

Dalton Broussard alikuwa wa chuo kikubwa cha Louisiana. Mikono yake ilikuwa inchi thelathini na tano na nusu. Alikimbia yadi arobaini kwa kasi ambayo mtu wa pauni mia tatu na ishirini hana shughuli nayo. Kila kituo cha televisheni kilikuwa na picha yake bila shati. Ripoti ya Verlin juu yake, iliyokuwa kwenye mfumo wa kompyuta wa timu tangu Februari, ilikuwa na mistari miwili:

*Kisigino cha mguu wa kushoto hunyanyuka kabla ya mchezo wa kurusha, mara 58 kati ya 60. Kwenye mchezo wa kukimbia hakinyanyuki.*
*Simchukui.*

Maana yake ilikuwa wazi kwa mtu yeyote wa kazi hiyo, ambako kila shambulio moja ndani ya mechi huitwa mchezo, wa kurusha mpira au wa kukimbia nao. Adui anayesoma kisigino anajua kitakachofanyika kabla mpira haujaondoka chini. Lakini kwa Verlin kisigino kilikuwa dalili tu ya ugonjwa wenyewe. Broussard aliogopa kupitwa nje, akataka kuanza mbio mapema. Na mtu aliyekwisha kuanza mbio kwenda nje hana namna ya kurudi ndani. Mara thelathini na moja wapinzani walimgeuzia ndani. Mara tisa walimfikia mrushaji.

"Nimeandika ripoti elfu tatu na mia nne katika kazi hii," alisema Verlin. "Nyingine nilikosea. Hakuna niliyodanganya."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Nikiandika mimi, nani ataamini?"

Verlin alikiri moyoni kwamba hilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli kutoka kinywani mwa Hathorne mwaka ule.

"Mwandikie tu, Verl," alisema Tolliver kwa sauti ya chini. "Si tunampata kijana?"

"Na mkataba wako unaisha Mei thelathini na moja, siyo?" alisema Hathorne, akipanga kalamu zake. "Nauliza tu."

Mikataba ya maskauti wote huisha Mei thelathini na moja. Ni desturi ya ligi: timu huvuna miezi kumi na miwili ya safari na mikanda ya video, huteua vijana wake Aprili, kisha Mei huamua nani bado anahitajika. Verlin alikuwa ameivuka Mei mara ishirini na saba.

Aliandika wakati wa chakula cha mchana, kwenye meza ya kona ya kantini, mbele ya kipande cha piza ya pilipili hoho na jibini kavu. Ilimchukua dakika arobaini. Na hapa kuna jambo ambalo lazima liandikwe pamoja na mengine: alifurahia. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amesoma upuuzi wa wenzake, na alijua kila neno linalowalegeza magoti wakubwa wa timu. Sasa aliyamwaga yote. Aliandika kwamba Broussard hutembea kama mtu aliyenunua ardhi anayoikanyaga. Aliandika juu ya mabega, juu ya kiuno, juu ya "hasira yenye adabu". Kimo cha kijana alikitaja mara tatu katika ukurasa mmoja na nusu. Mwishoni aliandika: *Ukimweka mbele ya mrushaji wako, umefunga mlango, na ufunguo umeutia mfukoni.* Aliisoma sentensi hiyo upya, akacheka peke yake huku anatafuna.

Ilikuwa kazi nzuri kupita kiasi. Mtu mwenye dharau kubwa zaidi kwa wasomaji wake angeandika vibaya, na mambo yangekwenda vingine.

Hathorne alisoma akasimama katikati ya ukurasa. "Mzee, karibu nimtake mimi mwenyewe."

"Ile ya kweli ibaki kwenye mfumo."

"Nimeitoa. Nashuku kuna mtu humu ndani anauza siri. Kwenye mfumo nimeweka hii."

"Na ya kweli iko wapi?"

"Kichwani mwako. Hapo hakuna anayeingia."

"Bwana Stamper anajua?"

"Baba mkwe akijua saa nne, klabu yake nzima ya gofu imejua saa sita. Nitamwambia siku yenyewe."

Aprili 15, Pomeranz alichapisha ripoti yote, neno kwa neno, chini ya picha ya Broussard bila shati.

*

Aprili 24, saa tatu na dakika kumi na nane usiku, timu ya kumi ilitangaza mshambuliaji wa pembeni kutoka Oregon. Saa ya ukutani katika chumba cha uteuzi cha Wahunzi ilirudi kwenye dakika kumi, muda wa kila timu kuamua, na kuanza kuhesabu kushuka. Haugstad alikuwa bado hajachukuliwa. Broussard pia. Scranton hawakuwa wamebadilishana zamu na mtu yeyote.

"Mnaona?" alisema Hathorne. "Mnaona?"

Kadi ya Haugstad ilikuwa mkononi mwa Tolliver tayari. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Royce Stamper.

Stamper alikuwa na miaka sabini na minne. Alijipatia utajiri wake kwa kutengeneza milango ya gereji, ya chuma, inayojifungua kwa kitufe, na hakuna nyumba mpya baina ya Cleveland na Pittsburgh isiyokuwa na jina lake kwenye bawaba. Kwa kawaida hakuja katika chumba hiki. Usiku huu alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, ikiwa imelegea kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi.

"Basi," alisema, "tumchukue mlango wetu."

Verlin alimtazama Hathorne. Hathorne aliitazama saa. Dakika nane na sekunde hamsini.

"Nini? Mbona mmenuna kama mko msibani? Kijana si yuko?"

"Yuko, bosi," alisema Hathorne. "Ni kwamba... kuna majina mawili mezani."

"Majina mawili ya nini? Mimi nimesoma." Stamper alivaa miwani, akafungua karatasi, akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayewasomea wajukuu. Alisoma juu ya mabega. Alisoma hasira yenye adabu. "'Ukimweka mbele ya mrushaji wako, umefunga mlango, na ufunguo umeutia mfukoni.' Miaka hamsini nauza milango, hakuna aliyewahi kuniandikia tangazo kama hili. Nani ni Dombrosky?"

"Mimi," alisema Verlin.

"Wewe unajua kuandika."

"Hiyo ni ya uongo, bwana."

Dakika saba na sekunde arobaini.

"Uongo vipi?"

"Iliandikwa kuwapotosha Scranton. Tunayemtaka ni Haugstad. Ripoti yangu ya kweli juu ya Broussard ina mistari miwili."

"Nionyeshe."

"Imetolewa kwenye mfumo."

"Na nani?"

Verlin alimgeukia Hathorne tena, akampa muda. Alimpa sekunde kumi zilizohesabiwa na saa ya ukutani mbele ya watu kumi na wanne. Ilikuwa kazi ya sentensi moja: mimi ndiye niliyemwagiza. Hathorne aliipima sentensi hiyo. Ilionekana wazi usoni mwake kwamba anaipima, dhidi ya chakula cha Jumapili nyumbani kwa wakwe, dhidi ya kiti alichokalia.

"Mzee Verlin amekuwa na maoni yanayobadilikabadilika juu ya Broussard," alisema. "Ni mchakato."

Tolliver alitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo," Stamper alimwambia Verlin, bila ukali, kwa udadisi wa mfanyabiashara, "unaniambia uliandika uongo ukatia sahihi jina lako."

"Ndiyo."

"Na sasa unataka niamini mdomo wako dhidi ya sahihi yako."

"Usiamini vyote viwili. Tazama." Verlin alimwomba mtu wa video aweke mechi ya Broussard ya Novemba, picha ya kutoka nyuma ya goli, na aisimamishe kila mara kabla mpira haujaondoka chini. Kisha akageuza kiti chake, akatazama kisigino kimoja kwenye skrini kubwa.

"Kurusha," alisema. Mtu wa video aliachia. Walirusha.

"Kukimbia." Walikimbia.

"Kurusha. Kurusha. Kukimbia. Kurusha."

Alifanya hivyo mara kumi. Alipata zote kumi. Katika mchezo wa saba mpinzani alijifanya anakwenda nje, akageuka ndani. Broussard alibaki peke yake, mikono yake mirefu imenyooka kwenye hewa tupu, na mrushaji wake akaenda chini kama gunia. Stamper alivua miwani.

Dakika tatu na sekunde tano.

"Hicho ni kisigino tu," alisema Stamper.

"Ni kisigino chenye mtu juu yake."

"Kocha." Stamper alimgeukia Tolliver. "Wewe ndiye fundi. Kisigino kinaweza kurekebishwa?"

Swali lilikuwa rahisi na jibu lake lilikuwa la kweli. Kisigino kinaweza kurekebishwa. Kilicho juu ya kisigino ni jambo jingine, na Tolliver alijua, na Verlin alijua kwamba anajua, kwa sababu walilizungumza Februari nzima. Tolliver aligeuzageuza kadi ya Haugstad kati ya vidole vyake. Alifikiria mabinti watatu, au timu tano. Haikuthibitika ni kipi.

"Kisigino kinarekebishika, bwana," alisema.

"Umesikia, Whit? Na huyo mwingine, mikono yake ikoje?"

"Thelathini na mbili na robo tatu, bosi," alisema Hathorne haraka, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa pumzi. "Chini ya kipimo."

"Kocha, mikono inarekebishika?"

Watu wawili walicheka. Hathorne alikuwa mmoja wao.

"Basi tumemaliza," alisema Stamper. Alinyoosha mkono akamgonga Verlin begani kwa upole. "Usinune. Uliandika vizuri. Huenda uliona kitu ambacho hata wewe mwenyewe hukujua umekiona."

Katika miaka ishirini na saba Verlin alikuwa ameambiwa maneno mengi ya kijinga ndani ya vyumba vya namna hiyo, na aliyaweka yote kwa mpangilio kichwani mwake. Hili alilipa nafasi ya kwanza. Aliokota daftari lake akaketi karibu na ukuta.

Kadi ya Broussard iliwasilishwa ikiwa imebaki dakika moja na sekunde tisa. Scranton, wa kumi na mbili, hawakutumia hata dakika moja. Walitangaza Haugstad.

*

Mei 31 mkataba wa Verlin uliisha. Barua ilisainiwa na Hathorne na ilimshukuru kwa mchango wake katika mchakato.

Juni 9, saa nne kasorobo asubuhi, simu ya nyumbani kwake iliita. Alikuwa Pettibone.

"Babu, uko macho?"

"Niko macho tangu kabla hujazaliwa. Unataka nini?"

"Nataka kukutukana kwanza. Kwa ile ripoti yako tulimtaka Broussard mpaka tukaumwa. Tulipiga simu kwa nambari kumi mara tatu. Mara tatu, Verlin. Wakakataa. Mlipomchukua ninyi, meneja wetu alitupa chupa ya maji ukutani."

Verlin alikaa kwenye ngazi. "Kwa hiyo mliamini."

"Nani asingeamini? Jina lako lilikuwa pale chini."

"Na Haugstad?"

"Ndiye aliyefuata kwenye ubao. Nilimwongeza mimi mwenyewe kishingo upande, kwa sababu nilijiuliza, huyu mzee mpumbavu alibaki Minnesota kutazama nini? Nikatafuta mikanda yake ya video. Mtoto ni mzuri. Mikono ya sungura, lakini mzuri."

Chambo kilikuwa kimefanya kazi, basi, kama Hathorne alivyosema kitafanya. Kiliwadanganya Scranton kabisa. Kiliwadanganya Scranton kiasi kwamba wangemwacha Haugstad apite mbele yao bila kugeuza shingo. Kitu pekee kilichohitajika ni Wahunzi wenyewe wasikimeze.

"Umenipigia kunitukana tu?" Verlin aliuliza.

"Meneja wetu anakutaka kazini. Anasema anataka maskauti wanaoandika hivyo."

"Siandiki hivyo."

"Najua. Nilimwambia. Anafikiri ni unyenyekevu."

Verlin alikubali kwa sharti moja: kwamba ripoti yake ikishaingia kwenye mfumo, hakuna mtu atakayeitoa wala kuibadilisha, awe nani. Alitaka liandikwe kwenye mkataba. Mwanasheria wa Scranton alilishangaa, kisha akaliandika kama kifungu cha kumi na nne. Julai 1 Verlin alihamia kwenye vyumba viwili juu ya duka la mikate, mtaa mmoja kutoka ofisini.

Agosti alitazama mechi tatu za majaribio za Wahunzi, kwenye video, picha ya kutoka nyuma ya goli. Tolliver alikuwa amefanya kazi yake. Kisigino cha Broussard kilikaa chini. Verlin alihesabu michezo mia moja na nne, na kwenye yote kisigino hakikusema kitu. Fundi alisema kinarekebishika, na kilirekebishika. Hilo lilikuwa ukweli, na Verlin alilikubali kama alivyokubali ukweli mwingine wowote.

Kisha akaanza upya kutoka mchezo wa kwanza, na safari hii hakutazama mguu.

Septemba 8, siku sita kabla Scranton hawajacheza na Wahunzi, Verlin aliingiza ripoti kwenye mfumo. Ilikuwa na mistari miwili:

*Broussard: mkono wa kushoto, juu ya paja. Ngumi ni kukimbia, vidole vikifunguka ni kurusha. Mara 97 kati ya 104.*
*Mgeuzieni ndani.*

Kocha wa ulinzi wa Scranton, mtu ambaye Verlin hakuwa amezungumza naye zaidi ya kusalimiana, aliichapisha akaibandika kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Mtu fulani aliandika chini yake kwa kalamu nyekundu: *Huyu babu hulala saa ngapi?* Hakuna aliyeiondoa.

Septemba 14, Jumapili, mechi ilianza Youngstown saa saba na dakika mbili mchana. Verlin alikaa kwenye chumba cha waandishi juu ya uwanja, darubini mkononi, kibandiko cha Scranton kifuani. Stamper alikuwa kwenye chumba chake cha vioo upande wa pili, na Hathorne kando yake. Katika michezo miwili ya kwanza mkono wa Broussard ulikunja ngumi, na Wahunzi wakakimbia na mpira, yadi mbili, kisha yadi tatu.

Kabla ya mchezo wa tatu, vidole vya mkono wa kushoto wa Broussard vilifunguka juu ya paja.

Mlinzi wa Scranton aliyesimama mbele yake aliutazama mkono huo. Mpira ulipoondoka alipiga hatua moja nje. Broussard alimfuata nje. Mlinzi aligeuka ndani.

Saa saba na dakika tano mchana, mrushaji wa Wahunzi alikuwa chini, yadi nane nyuma ya mstari.